Nyumba ya Mpaka

Kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyumba za watu, na mtu wa kazi hiyo huitwa mpaka rangi. Lakini watu ni wavivu wa kutamka. Rangi wakaiacha njiani, likabaki Mpaka. Mzee Mpaka. Watoto walipomwona anapita na ngazi begani walimuuliza, "Mpaka wapi?" naye akajibu, "Mpaka nifike," wakacheka kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuusikia. Utani huo ulikuwa mkongwe kuliko wao. Yeye hakuuchoka, maana mara nyingi alijibu bila kusikia alichoulizwa. Alikuwa mbali.

Alikuwa mtu wa kuzama. Mpe ukuta mtupu na kopo la rangi, kitambo kidogo tu hayupo tena. Brashi inapanda na kushuka, mwili uko juu ya ngazi, mwenyewe yuko ndani ya rangi huko, anatembea. Aliamini kila rangi ina tabia yake. Nyekundu ina ugomvi. Ipake chumbani, mume na mke hawatapatana. Buluu iliyokolea huleta uvivu. Na ile ya maziwa yenye tone la kijani, aliyoichanganya mwenyewe bila kumfundisha mtu, hiyo alisema hulegeza ulimi. Marehemu mkewe aliwahi kumwambia kwamba kama ni kweli basi ajipake yeye usoni, kwa sababu kumtoa neno mdomoni kulihitaji koleo.

Mzee huyo aliishi na mjukuu mmoja, mtoto wa binti yake. Binti alifariki, na wiki ile ile ya mazishi mtoto akaletwa kwa babu na begi dogo, bila sauti. Hakuwa bubu. Kabla ya msiba aliongea kama watoto wengine, akiimba na kulilia pipi. Baada ya msiba akafunga mdomo, akawa anaitikia kwa kichwa na kuonyesha kwa kidole. Babu hakumlazimisha. Jioni walikula wakitazamana, na kwa kuwa wote wawili walikuwa wazamaji, kimya cha nyumba ile kilikuwa kizito kiasi kwamba ungeweza kukiegemea.

Kisha mtoto akaanza darasa la kwanza katika shule ya zamani, ile ya juu kilimani. Alipofika la pili, siku moja mwalimu wake alimsimamisha mzee barabarani akamwambia, "Babu, jana mjukuu wako amesoma kwa sauti. Ukurasa mzima." Mzee Mpaka aliweka ngazi chini. Aliuliza ni chumba gani. Mwalimu akamwambia, cha pembeni, chenye madirisha mawili. Basi mzee akaondoka bila hata kuaga, kwa maana chumba hicho alikipaka yeye likizo iliyopita, kwa rangi ya maziwa yenye tone la kijani. Hakumwambia mtu. Lakini siku nzima alitabasamu peke yake kwenye kuta za watu.

Hapo ndipo serikali ilipokuja na mstari wake.

Shule ya zamani ilikuwa imejaa pomoni. Watoto walikaa wanne dawati moja, wengine waliandika wamesimama, na ukitaka kuinua mkono ujibu swali ulipaswa kwanza kumwomba radhi jirani. Ng'ambo ya daraja ikajengwa shule mpya, yenye mabati yanayong'aa na madawati ambayo bado yananuka mbao. Sasa ikawa lazima kuamua nani abaki juu na nani ashuke. Tangazo likabandikwa ukutani kwenye ofisi ya mtaa. Nyumba zetu hazina namba, kwa hiyo aliyeliandika alitumia alama zinazojulikana na kila mtu. Likasema: watoto wa nyumba zote kuanzia darajani mpaka nyumba ya mpaka rangi watasoma shule mpya.

Mtu mwenye busara angeandika neno lingine. Lakini limeandikwa, limepigwa muhuri, na mtaa mzima ukageuka darasa la lugha.

Je, mpaka nyumba ya mpaka, nyumba yenyewe imo au haimo? Kinyozi, ambaye nyumba yake ilifuata baada ya ile ya mzee kwa upande wa juu, alisema haimo. Aliwauliza wateja wake, wembe ukiwa shingoni mwao: mtu akisema ametembea mpaka mtoni, amelowa? Hawakubisha. Mshonaji, aliyeishi nyumba ya pili kwa upande wa chini, alisema imo. Mtu akisema amekunywa uji mpaka mwisho, amebakiza? Na hapo pia hakuna aliyeweza kubisha. Watu walisalimiana kwa mifano. Ndugu wawili walinuniana kwa sababu mmoja alisema amesoma mpaka darasa la saba, mwenzake akamuuliza kama alilimaliza.

Usidhani walikuwa wanapigania sarufi. Shule ya juu ilikuwa na jina, ilifaulisha, na wazazi wengi walisoma hapo wenyewe. Ya chini haikuwa na jina bado, na walioambiwa washuke waliona watoto wao ndio wanaotolewa kujaribiwa. Waliobaki juu nao walikuwa wamechoka kuona watoto wakiandika juu ya mgongo wa mwenzao. Kinyozi alikuwa na hofu yake mwenyewe: nyumba ya mzee ikimezwa, mwaka unaofuata ni zamu ya nyumba yake. Mshonaji hakuwa na hila. Alikuwa na binti mmoja, mtoto mwenye maneno mengi hata mtaa mzima ukamwita Chiriku, na huyo Chiriku kila asubuhi alipita mlangoni kwa mzee kumchukua mjukuu, wakapanda kilima wameshikana mikono, mmoja anaongea na mmoja anasikiliza.

Mshonaji alimfuata mzee akiwa anaosha brashi kwa mafuta ya taa. Akamwambia taratibu kwamba watoto hawa wamezoeana, na kama yeye mzee atasema nyumba yake imo, watashuka pamoja. Mzee aliendelea kuosha. Moyoni alikiona kile chumba cha madirisha mawili, mwanga wa asubuhi ukilala juu ya ukuta, na sauti ya mjukuu ikitoka humo.

"Watoto huzoea upya, mwanangu," akasema. "Wana moyo mwepesi."

Mchana wa siku ile alijilaza, akaota mpaka umekuja. Haukuwa ukuta wala waya. Ulikuwa mstari wa chokaa, mwembamba, ulipiga hodi kwa adabu na kuvua viatu mlangoni, na kama mstari una viatu au hauna, ndoto haiulizwi. Uliomba pa kulala. Kwa kuwa mgeni hafukuzwi, akauonyesha nafasi iliyokuwapo kati ya kitanda chake na cha mjukuu, nao ukajinyoosha hapo ukashusha pumzi. Baadaye alitaka kuvuka amfunike mtoto shuka, lakini mguu haukunyanyuka. Alipoamka, mjukuu alikuwa ameketi anamtazama. Mzee aliitafsiri ndoto kama watu wote wanavyotafsiri ndoto, yaani kwa namna aliyoitaka: mtoto asivushwe mpaka.

Mkutano ulifanyika shuleni juu. Wazazi waliketi kwenye madawati ya watoto wao, magoti yakigusa videvu, na ni vigumu kuwa mkali ukiwa umekaa hivyo, ingawa wengi walijitahidi. Ofisa elimu aliyatolea maelezo madarasa, walimu na umbali, wakamsikiliza kwa heshima, kisha wakarudi kwenye neno lao. Kinyozi akasema mtoni, mshonaji akasema uji. Ofisa alipangusa uso. Mwisho akasema neno hilo linakubali njia zote mbili, wala yeye hatagombana na Kiswahili. Mwenye nyumba aseme mwenyewe, na atakavyosema ndivyo itakavyoandikwa.

Mzee Mpaka alisimama. Walikuwa wamezoea kumwona juu ya ngazi, wakashangaa alivyo mfupi.

"Mimi nikipaka ukuta mpaka kwenye kona, kona nimeiacha," akasema. "Nyumba yangu haimo."

Upande mmoja wa chumba ukapiga makofi. Kinyozi alimwahidi kumnyoa bure maisha yote. Mshonaji alikusanya kanga yake, akatoka bila kumtazama.

Shule zikafunguliwa. Asubuhi ya kwanza Chiriku alipita mlangoni kama kawaida, kwa mazoea ya miguu, akasimama akakumbuka. Mmoja alipaswa kupanda na mwingine kushuka. Mjukuu alibaki kizingitini hadi mwenzake alipopotea kwenye kona, ndipo akaanza kupanda peke yake, begi likimpiga mgongoni.

Haukupita muda mrefu, mwalimu wa juu akamsimamisha tena mzee barabarani, na safari hii hakuwa na tabasamu. Mtoto hasomi. Akiitwa, haitikii. Mzee aliwaza usiku na mchana, akapata jibu ambalo ni yeye tu angeweza kulipata: rangi imepauka. Jumamosi alipanda na kopo lake, akasugua kuta za chumba kile kwa msasa na kuzipaka upya, bila kutumwa na mtu, maziwa na tone la kijani, na safari hii tone alilizidisha. Kilipendeza mno. Jumatatu mtoto aliketi katikati ya uzuri ule, kimya, na Jumanne vivyo hivyo.

Nyumbani hata kidole aliacha kuonyesha. Mzee alikaa naye jioni akimtazama. Alishamzika mama wa mtoto huyu. Aliogopa kwamba mtoto naye anaondoka, taratibu, bila kutoka nje ya mlango.

Kazi iliyofuata ilikuwa madirisha ya shule mpya, kazi aliyoahidiwa zamani kabla ya ugomvi. Aliegemeza ngazi ukutani na kupanda. Asubuhi ilikuwa na ukungu mwepesi, sauti za watoto wakiimba jedwali la kuzidisha zilimfikia kama zinapita majini, na brashi ikaanza kumpeleka kule kwake. Kilichomrudisha ni sauti aliyoijua. Ndani ya dirisha, upande wa nyuma, alikuwapo Chiriku. Madawati ya shule mpya yalikuwa ya watu wawili wawili, na kwenye nafasi ya pili alikuwa ameweka begi lake. Mtoto mgeni alikuja akataka kukaa.

"Hapa pana mtu," Chiriku akasema.

Mwalimu akauliza ni nani, mbona kila siku pana mtu na mtu mwenyewe haonekani. Chiriku hakusita. Alisema mwenzake yuko njiani, babu yake bado anafikiri. Akaeleza, kwa kuwa hajawahi kuulizwa neno moja akajibu moja, kwamba huyo mwenzake ana namna yake: kwanza huja sikioni kwako akasema polepole, wewe unamwambia sawa, sema sasa, ndipo anasema kwa watu wote. Na asipokuwa na sikio la kuanzia, hasemi. Darasa likacheka. Yeye hakucheka, akalisogeza begi likae vizuri.

Mzee Mpaka alibaki na brashi hewani, rangi ikimtiririkia kwenye kiwiko. Aliona aibu, kwanza ya ukuta wake, kisha ya mdomo wake kule mkutanoni. Akashuka, akaacha kopo wazi, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu ajifunze kazi, akaenda moja kwa moja kwa ofisa elimu.

"Nimekuja kuhusu lile neno," akasema. "Nyumba yangu imo."

Ofisa aliweka kalamu chini. "Mzee wangu, Kiswahili kimebadilika?"

"Hakijabadilika. Mimi nilisema bila kujua."

Kinyozi alipopata habari alimwita kigeugeu mbele ya wateja, akamwambia ndevu zake atafute pa kuzipeleka. Mzee alizikubali ndevu. Kilichomtisha ni mlango wa mshonaji. Alibisha akiwa amemshika mjukuu mkono, na maneno yote aliyoyapanga njiani yakamponyoka. Akasema tu, "Nimekosa, mwanangu." Mshonaji alimtazama mtoto, akavuta futi yake ya kitambaa kutoka shingoni, akapiga magoti.

"Geuka nikupime," akamwambia. "Sketi ya huko chini ni ndefu kidogo."

Ilipokuwa tayari, babu alimpeleka mwenyewe hadi mlangoni mwa darasa, kisha akakimbilia ngazi yake, maana kulikuwa na dirisha lile ambalo kwa sababu fulani halikuwa limekauka vizuri. Alimwona Chiriku akiliondoa begi. Akamwona mjukuu akikaa, akiinama, mdomo wake ukilitafuta sikio la mwenzake. Hakusikia kitu. Aliona midomo tu, ikianza kidogo, ikisita, ikianza tena, na ikiendelea, mambo ya siku zote hizo yakitoka kwa mkupuo, na Chiriku kwa mara moja maishani mwake akisikiliza. Mwalimu aliyekuwa anaandika ubaoni akageuka.

"Wewe mgeni huko nyuma," akasema, "punguza maneno."

Mzee Mpaka alishika ngazi kwa mikono miwili asianguke. Tangu mama yake azikwe, hakuna mtu aliyewahi kumwambia mtoto yule anyamaze.