Mbio za Mwamvua

Mwamvua alikuwa katibu muhtasi katika ofisi moja ya serikali kule Mtumba, Dodoma, na miguu yake ilikuwa mipana. Mama yake huko Kondoa aliisifia sana, akisema msichana mwenye nyayo hizo hasukumwi na upepo. Wauza viatu wa Dodoma hawakuisifia. Viatu vyao vya kike vya ofisini vilichongoka mbele kama penseli, naye alivivaa hivyo hivyo miaka nenda rudi, vidole vimebanana, sugu imeota kwenye kidole cha mwisho. Akishaketi tu, anavivua. Wageni walimwona mama nadhifu mwenye ushungi uliopigwa pasi. Hawakujua kwamba chini ya meza yuko peku.

Asubuhi moja kengele ya moto ikalia. Mwamvua akapapasa kwa mguu, akapata kiatu kimoja. Kingine alikuwa amekipiga teke hadi nyuma ya kabati.

"Niungue kwa ajili ya kiatu?" akajiuliza. Akakusanya gauni, akatoka mbio.

Akawapita wahasibu. Akawapita madereva. Kwenye changarawe akampita Wilbert, mwenyekiti wa kamati ya michezo, ambaye kila alfajiri hukimbia na raba zenye soli nene kama godoro. Kwenye bango la mahali pa kukusanyikia alimkuta mlinzi peke yake, aliyemwambia kwamba hakuna moto, ni zoezi tu.

Wilbert akafika anahema, akaitazama miguu ya Mwamvua. "Dada Mwamvua, nani alikufundisha?"

"Woga, kaka."

Jibu hilo halikumtosha. Usiku huo alikesha na simu akitazama video za watu wanaokimbia peku, na kesho yake akaitangazia timu ya ofisi kwamba mazoezi ya Jumamosi ni bila viatu. Bonanza la michezo la watumishi lilikuwa limekaribia, na Mwamvua alishaandikishwa bila kuulizwa.

"Kaka, njia ya mazoezi ina mbigili," akamwonya.

"Mguu wa binadamu umeumbwa kukimbia, dada."

"Na mbigili imeumbwa kuchoma."

Jumamosi walianza kwa mikogo. Hawakufika mbali. Wilbert, aliyekuwa mbele, akapiga yowe na kusimama kwa mguu mmoja kama korongo. Akaruka pembeni, huko nako mbigili. Akaona heri aketi. Yowe la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Sidonia, mhasibu, ndiye aliyemchomoa miiba, kazi aliyoifanya akiwa ameangalia pembeni kwa heshima.

Jumatatu ofisi nzima ilitembea kama bata.

"Jamani, mmefanya nini?" mkurugenzi akauliza koridoni.

Mwamvua naye alichechemea, ana malengelenge na misuli ya nyuma ya miguu imekaza. Wenzake walishangaa, wakidhani mtu wa Kondoa ana kwato. Walisahau kwamba nyayo hizo nazo zilikuwa zimezoea zulia.

Ikabidi waende kwa Editha, mtaalamu wa tiba ya viungo. Aliwasikiliza akijitahidi asicheke.

"Mguu uliozoea kiatu hauachishwi siku moja," akasema. "Anzeni kidogo kidogo, mahali safi. Ukiumia, acha."

Kisha akamsimamisha Mwamvua juu ya karatasi, akauchora mguu wake, akaweka kiatu juu ya mchoro. Kidole cha mwisho kilibaki nje chote, na nusu ya jirani yake.

"Hiki kiatu ni cha nani?"

"Changu."

"Cha mguu upi?"

Mwamvua akaenda sokoni kwenye mitumba, akazunguka hadi akapata viatu vyeusi vya kiume, bapa, vipana mbele, vyenye soli nyembamba inayokunjika.

"Vya mzee nyumbani?" muuzaji akauliza.

"Vya mwenyewe," akajibu, akavivaa pale pale.

Sidonia alipoviona alicheka mpaka akashika ukuta. Kabla wiki haijaisha alimvuta Mwamvua kando, akamuuliza kwa sauti ya chini kama yule muuzaji ana vingine.

Siku ya bonanza Mwamvua alikimbia navyo, akashika nafasi ya nne, akapewa beseni. Wilbert alishangilia akiwa amesimama. Kuketi bado kulikuwa na masharti.

Siku hizi Jumapili asubuhi Mwamvua na Sidonia huenda kukimbia taratibu. Abdulrahim, mumewe Mwamvua, hulalamika kwamba chai inachelewa. Mkewe humkumbusha kwamba jiko analijua lilipo, kisha huondoka.