Siku Darasa Langu Liliposukuma Ukuta

Jamani, aibu nyingine hata uifiche uvunguni itatoka yenyewe, kwa hiyo afadhali niwaambie mimi kabla hamjasikia kwa watu wa Karungu.

Nilikuwa mwalimu mgeni kule, nimetoka Homa Bay na Kiingereza changu kingi, Uhuru bado mbichi, na inspekta alikuwa amekuja kunikagua: nikipita napewa cheti, nikianguka narudi kwa mama kupara samaki. Neno la siku hiyo lilikuwa "push", na tulifundisha kwa vitendo, mtoto anafanya huku anasema. Mwanafunzi mmoja, Atieno, akasukuma meza, meza ikaenda, vizuri kabisa. Hapo si ningenyamaza! Lakini kichwa changu (kigumu tangu utotoni, muulizeni mama) kikataka kumwonyesha inspekta kwamba hata kitu kisiposogea, maadamu umetia nguvu, umekisukuma. Nikaliambia darasa zima lisukume ukuta.

Sasa ukuta ule akina mama walikuwa wameukandika wiki ileile, mvua ikanyesha, udongo haukukauka, na watoto ndio waliochota maji ya kuukandia, kwa hiyo walijua, lakini nani atambishia mwalimu? "We are pushing the wall!" wakaimba, mabega pamoja, mimi napiga makofi, mpaka nikaona ng'ombe wa jirani ananitazama pale palipokuwa na ukuta. Ulikuwa umeangukia nje, juu ya pikipiki ya inspekta.

Nilitamani ardhi inimeze. Inspekta akaifukua pikipiki, akaipangusa, akaipiga teke, kimya, tena, kimya. Nikalia mbele ya wanafunzi wangu. Mama Atieno, aliyekuja mbio aliposikia kishindo, akanishika mkono.

"Nyara (kwa Kijaluo ndiyo binti yangu), wacha kulia. Udongo iko, maji iko, sisi iko. Ukuta ni kitu gani?"

Kumbe Atieno alikuwa amemwendea inspekta. "Sir, we push?"

Inspekta akapanda, na darasa zima likamsukuma kwenye mteremko wa kwenda ziwani, likipaza sauti bila kuambiwa na mtu: "We are pushing the motorcycle!" Pikipiki ikakohoa, ikanguruma. Inspekta, tope mpaka masharubuni, akageuza kichwa.

"Mwalimu, wameelewa! Cheti utapata! Lakini ukuta utajenga wewe!"

Nikaujenga, jamani, tope magotini, akina mama wakinicheka na kunifundisha, na sijui kama nimewahi kufurahi vile. Lakini naapa, siku hizi neno lile nalifundishia uwanjani, na kabla hatujagusa kitu chochote nawauliza watoto kwanza.