Fungu la Anayesimama Mbele

Siku hizi nyama ya mgongo anakula mwenye ng'ombe, na hakuna anayeona haya. Wakubwa wetu wanaitafuna, wanafuta midomo, kisha wanawakodi Wakaria, askari wa kulipwa, wakasimame mbele vitani badala yao. Vijana wakiambiwa zamani haikuwa hivi, wanacheka. Wacheke. Mimi nilimjua Mirsilo.

Alikuwa mkata nyama katika nyumba ya Antimene, bwana wa mji wetu kando ya mto Kaiko. Mtu mfupi, mwenye kipara, vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunjiki. Hakuna aliyewahi kumtungia wimbo. Kwa miaka thelathini alichinja, akachuna, akachoma, na katika kila karamu alikuwa na kazi moja nzito: kutoa fungu refu la mgongo na kuliweka mbele ya mtu mmoja. Hakuna aliyemwambia ampe nani, hata Antimene mwenyewe. Ukiwekewa, umechaguliwa: mikuki ikija, wewe ndiye wa kwanza kuitazama. Uwe mtoto wa mwenye mashamba au wa mchunga mbuzi, uungwana wako ulijulikana hapo, mbele ya sahani.

Mwaka ule adui zetu Wamisia walishuka milimani mapema. Kwa siku tatu tuliona moshi ng'ambo ya mto, kila siku karibu zaidi. Mchana wa karamu ya kabla ya vita, mifupa ya mapaja tuliyowachomea miungu ilikataa kushika moto. Mafuta yalitoa povu, moshi ukatambaa chini hadi miguuni mwetu. Kuhani alikoroga makaa.

Kila mtu alijua fungu ni la nani. Dexio, mwana wa pekee wa Mirsilo, ndiye aliyeshikilia kivuko cha mto majira ya baridi yaliyopita, kisha akarudi chini ya mvua ya mawe ya adui kuuchukua mwili wa jirani yake. Pelagoni, mwana wa Antimene, siku hiyo alibaki kwenye gari lake la vita akidai farasi anachechemea.

Mirsilo alikata polepole mno. Nilikuwa karibu, niliona jasho likimdondoka. Akainua fungu, akampita mwanawe, akaliweka mbele ya Pelagoni.

Watu wakageuka kumtazama Dexio.

"Mimi?" Pelagoni akacheka kidogo. "Mzee Mirsilo, macho yako mazima?"

"Kula, bwana mdogo."

Hipasio, ambaye ulimi wake haukuwahi kupumzika, akapaza sauti: "We Dexio! Baba'ko kakupapasa kama mbuzi wa sokoni, kakuta mifupa mitupu!"

Wakacheka, kile kicheko cha watu wenye hofu.

Dexio alikuwa amepauka. "Nimekosa nini, baba?"

"Hujakosa kitu. Kula ulichopewa."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Mwanangu, kula tu."

Hakula. Aliisukuma sahani, akatoka.

Mirsilo akanivuta pembeni. "Aibu itapita," alisema. "Atanichukia mwaka, miwili. Ataoa. Akipata wanawe atanielewa."

"Umeishi naye miaka ishirini," nikamwambia, "na bado humjui."

Alfajiri Wamisia walikuwa wamejaa ukingoni. Tulijipanga ngao kwa ngao. Dexio hakuingia mstarini. Alisimama hatua kumi mbele yetu sote, peke yake. Mirsilo alipomwona alipenya katikati yetu akikimbia, akamwangukia, akamkumbatia magoti.

"Nilifanya makusudi! Uoga ni wangu, si wako. Nitawatangazia wote, sasa hivi. Rudi nyuma, nakuomba."

"Ungenipa fungu, baba, ningesimama mstari wa mbele na wenzangu, huyu kulia, huyu kushoto. Aliyepewa hana la kuthibitisha." Akamwinua taratibu, akamkung'uta vumbi. "Sasa lazima niwe mbele ya walio mbele. Nenda kwa mama. Watu wanatutazama."

Wamisia wakaingia majini. Nyuma yetu nilisikia magurudumu: gari la Pelagoni lilikuwa linageuka.

Dexio alianguka kabla jua halijafika juu ya mizeituni. Sisi tulisonga hadi pale alipolala, tukapigana juu yake mpaka adui akarudi nyuma. Jioni watu walimsifu sana, Hipasio wa kwanza. Mirsilo aliwasikiliza wote. Kisha akaanza kumwosha mwanawe kwa mikono yake, kazi ya wanawake, wala hakumruhusu hata mkewe amguse. Nilipomletea maji ya pili aliniuliza, bila kuinua uso:

"Ningempa, angepona?"

"Hapana," nikamwambia. "Asingepona."

Maishani mwangu sijasema uongo mkubwa kuliko huo, na sidhani kama aliuamini.