Kiboko Aliyefungiwa Kabatini

Juzi, katika ofisi moja ya utafiti wa ziwa hapa Mwanza, nilimkuta mama kutoka mwalo mmoja wa Magu, kule mitumbwi ya wavuvi inakotia nanga. Miaka nenda rudi amewapimia watafiti wa ofisi hiyo kina cha maji kila asubuhi. Sasa kijiji kinajenga vichanja vya kuanikia dagaa, naye alitaka nakala ya vipimo ajue maji hufika wapi.

"Shikamoo mama. Data hazitoki bila barua ya utambulisho," karani akasema.

"Marahaba. Nitambulishwe vipi, mwanangu? Kila namba humo nimeandika mimi!"

Nusura niruke kaunta! Karani akamgeuzia kompyuta aone kwamba haya ni mambo ya kitaalamu. Mama akagusa kioo, pale mchoro wa mwezi mmoja ulipoporomoka ghafla.

"Hapa maji hayakushuka. Kiboko aliangusha nguzo ya kupimia, tukaisimika juu zaidi ufukweni. Niliandika pembeni."

Mtafiti aliyekuwa akipita akaganda. "Pembeni wapi? Mwezi huo umenitesa tangu mwaka jana!"

"Kwenye daftari. Si mlilifungia kabatini?"

Kabati likafunguliwa, daftari likafunuliwa, na kiboko alikuwemo, pembeni mwa ukurasa. Mama akaondoka na nakala yake, bila barua.

Wasomi wangu mnaofungia data zisiibiwe, humo kabatini mna viboko wangapi?