Taa ya Birika

Mume wangu alikuwa fundi wa magari kabla hajawa mtu wa kushikwa mkono. Watu walimwita mestri, neno la Kireno la fundi mkuu. Mimi nimemwita Fundi tangu arusi yetu, akipatia namwita Fundi, akikosa namwita Fundi. Mimi ni mchuuzi wa samaki wakavu. Nawachukua kwa wavuvi wa visiwa vya Rongui na Vamizi, nawapandisha bara kwa pikapu letu, na pikapu hilo naliendesha mwenyewe. Anayetaka kucheka na acheke.

Jumatatu ile taa ya betri ikawaka, nyekundu, nami ndani ya gari nikasema, mtume, si leo.

Macho ya Fundi yalikuwa yanakufa. Hospitali ya kwetu walituambia ni presha ya macho: kilichokwisha haribika hakirudi, lakini kilichobaki huokolewa mtu akiwahi. Dotori wa macho angekuwa Pemba yetu ya Msumbiji mpaka Jumamosi, kisha anaondoka, na wa kujua atarudi lini hakuna. Na njia siku hizo, kwa ajili ya vita, ilikuwa haiendwi ila kwa koluna, yaani magari yote pamoja, askari mbele, askari nyuma, kupitia Nhica na ule msitu wake. Koluna ilikuwa inatoka Alhamisi asubuhi. Gari likizima ndani ya koluna hakuna anayekungoja. Linasukumwa pembeni, nyinyi mnarukia la wengine mkiwa na bahati, na lenu mnaliaga. Nafasi kwenye magari ya abiria zilikuwa zimekwisha tangu wiki ya nyuma. Tulikuwa na pikapu letu tu, nalo lina umri wa kuitwa bibi.

Tena taa ya betri haikuwa peke yake. Ile ya injini, ya manjano, ilikuwa inawaka mwaka wa pili sasa, nami nilikwisha kuizoea, kama unavyozoea jirani mwenye redio.

Fundi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya mlango wa gari, uso ameuelekeza kwenye injini. Kivuli cha mtu alikuwa bado anakiona. Sura haioni.

"Tia swichi," akasema. "Usiwashe injini. Niambie taa zipi zinawaka."

Hilo alinifundisha zamani. Gari zima ukilitia swichi kabla injini haijanguruma, taa zake za onyo huwaka zote, kama watoto wa chuoni wanavyoitika mwalimu akiita majina. Injini ikinguruma, zinazimika. Inayobaki inawaka ndiyo yenye neno.

"Betri," nikasema. "Injini. Breki ya mkono."

"Basi?"

"Basi."

Akanyamaza. Nikadhani anafikiri mambo ya betri.

Siku mbili tulizifanya kazi hivyo, yeye mikono na mimi macho, na nakiri mimi si mtu wa subira. "Hapo, bwana, hapo! Huo si waya, huo mpira wa maji! Kushoto! Kwani kushoto kumehama?" Yeye anapapasa polepole, anafuata waya kwa vidole kutoka betri mpaka unaposhika bodi, na pale akasimama.

"Kuna unga hapa?"

Nikachungulia. Kulikuwa na unga wa kijani, umeota kwenye kichwa cha waya kama ukungu wa mkate.

"Chumvi," akasema. "Umeme haupiti vizuri. Lete msasa."

Tukakwangua mpaka shaba ikang'aa, tukafunga, taa ya betri ikazima. Jumanne tukaisaka ya injini. Alinifanya nifuate kila waya mwembamba kwa kidole na kumwambia rangi yake, mpaka nikafika kwenye mmoja uliotafunwa na panya, umebaki uzi mmoja tu. Miaka miwili nimelilaani gari, kumbe panya! Akauunga yeye mwenyewe, kwa vidole tu, akaufunga utepe mweusi, tukatoa kichwa cha betri kwa muda ili gari lisahau kosa lake la zamani. Nilipowasha, dashibodi ikawa safi. Nikapiga kigelegele mpaka kuku wakakimbia.

Fundi hakucheka.

"Oili umetazama?"

"Nilitia juzi juzi."

"Tazama tena."

"Nshatazama!" nikamwambia, na haikuwa kweli. Nilikuwa nimechoka kuamriwa, na nilikuwa na furaha yangu, sikutaka iguswe.

Jumatano mchana jirani yetu, mwalimu mstaafu mwenye pikapu kama letu, aliniita. Naye alikuwa anakwenda na koluna. Alikuwa anajaza maji kwenye rejeta akataka mtu wa kumtilia swichi. Nikaingia, nikazungusha ufunguo nusu. Taa zikawaka: betri, injini, breki ya mkono. Na ya nne.

Ya nne ilikuwa nyekundu, kibirika kidogo chenye tone mdomoni.

"Mwalimu, hii ya nini?"

"Ya oili, mama. Hiyo ndiyo mkubwa wao. Ikiwaka unatembea, zima hapo hapo. Ukisema nifike kwanza, injini inashika, na ikishika ndiyo basi."

Nilibaki nimeushika usukani wa watu. Kwa sababu birika lile nililijua. Nilikwisha kuliona ndani ya gari langu mwenyewe, miaka mitatu nyuma. Nilikuwa narudi kutoka bara, nina vumbi mpaka kwenye kope, likawaka karibu na nyumbani, nikalipeleka gari moja kwa moja kwenye karakana ya Fundi. Wateja walikuwapo. Fundi aliinama ndani, akatazama sana, akaniuliza liko wapi. Nikamwonyesha. Akauliza tena. Nikamtolea maneno, nikaenda zangu kuoga. Kesho yake nimeingia garini, birika halipo. Nikajua limetengenezwa. Nikawa nawaambia watu mume wangu ni bingwa.

Nilitoka kwa mwalimu bila hata kuaga. Nikatia swichi kwenye gari letu, nikahesabu. Tatu. Nikahesabu tena kwa kidole, kama mtoto. Tatu.

Fundi alikuwa barazani anapukuchua kunde.

"Fundi. Birika letu liko wapi?"

Vidole vikasimama.

"Nakuuliza! Birika liko wapi?"

"Lilikuwa linakusumbua," akasema taratibu. "Nikalitoa."

"Linanisumbua? Ebo! Mtu akilia njaa unamziba mdomo? Miaka mitatu napanda na kushuka kwenye gari lisilokuwa na ulimi! Kesho ningekutia humo, nikupeleke msituni, injini ishike mbele ya askari! Wewe ndiye uliyekuwa ukiwaambia wateja, mficha maradhi kifo humuumbua! Wewe!"

Maneno hayo kweli yalikuwa yake. Mteja akija na gari linagonga, halafu akasema eti limeanza leo, Fundi alimpigia methali hiyo mpaka mtu akasema ukweli. Sasa aliinamisha kichwa, nami nilikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na woga. Zilibaki saa za mchana mmoja.

Akainuka bila fimbo, akaenda kwenye kopo lake la skrubu, akachakura, akatoa kipande cha kitambaa. Ndani yake kulikuwa na globu, ndogo kama punje ya mbaazi, pamoja na kitako chake.

"Sikuitupa," akasema.

Tukaanza. Yeye aliketi kiti cha abiria, mimi nimeshika bisibisi. Skrubu mbili juu, mbili chini. Vuta, usivunje. Kuna waya wa spidi nyuma, bonyeza, toa. Nikaugeuza uso wa dashibodi, nyuma yake kukawa na vitako vya globu vimejipanga, na katikati yao tundu tupu. Nikatia globu, nikazungusha robo, ikashika. Nikarudisha kila kitu. Nilipotia swichi, birika likawaka.

"Nne," nikasema.

"Washa injini."

Nikawasha. Betri ikazima. Injini ikazima. Breki nikaiachia, ikazima. Birika likabaki linanitazama.

"Halizimi! Fundi, halizimi!"

"Zima gari!"

Nikachomoa ule mchuma wa kupimia oili, nikaufuta, nikaurudisha, nikauchomoa tena. Ulitoka mkavu, umelowa kwenye ncha tu. Yeye akanyosha mkono, akaugusa mchuma, akajua. Ile "nshatazama" yangu ilitazama nini? Hakuniuliza.

Akalala chini ya gari. Nilimsikia anapapasa, anahema. "Kiswichi cha oili," akasema kutoka huko chini. "Kinachowasha hiyo taa. Kimelowa chote. Oili inatokea hapa. Imekuwa ikitokea siku zote hizo." Kumbe birika lilikuwa linasema kweli tangu siku ya kwanza.

Nikakimbia. Nyuma ya karakana kuna mkweche wa pikapu kama hili, umekaa hapo miaka, kuku wanatagia ndani. Nilikifungua kiswichi chake mwenyewe, spana inateleza, vifundo vya vidole vinachunika, namwomba Mungu kwa sauti. Fundi akakifunga kwa mikono yake, akakikaza, tukajaza oili mpaka alama ya juu. Jua lilikuwa limeanza kwenda chini. Nikakaa kwenye usukani.

"Washa," akasema.

Injini ikanguruma. Birika likabaki. Moja. Mbili. Likazima.

Nilitia kichwa kwenye usukani nikalia. Fundi alisimama dirishani, hakujua aweke mkono wapi, akauweka juu ya bati la gari.

Alhamisi koluna ilipotoka tulikuwa wa kumi na kitu kwenye mstari. Mchanga wa Nhica unajulikana, unashika magurudumu usiyatoe. Mbele yetu lori moja lilikwama, askari akapiga kelele, watu wakaruka na virago vyao, na lori lile tulilipita limeinama pembeni, milango wazi. Sikuligeukia. Macho yangu yalikuwa na kazi mbili, njia na birika, njia na birika. Fundi haoni, basi anauliza.

"Birika?"

"Limelala."

Baada ya kilima: "Birika?"

"Limelala, bwana, kama likiamka utanisikia!"

Akauliza hivyo siku nzima na kesho yake pia. Gari halikuzima. Ijumaa saa tisa alasiri tuliingia Pemba, nikaegesha nje ya hospitali.

Dotori alikuwa mwanamke, anasema Kireno, na muuguzi alitufasiria. Alimulika jicho la kulia, akalimulika la kushoto, akarudi la kulia. Akapima, akaandika, kisha akauliza kitu.

"Dotori anauliza, baba, ulianza lini kutoona vizuri?"

Swali hilo lilikuwa langu. Kila tulikokwenda nilijibu mimi, "Tangu Ramadhani iliyopita," kwa sababu ndivyo alivyoniambia. Nikafungua mdomo. Fundi akanishika mkono.

"Miaka mitatu," akasema. "Mke wangu alileta gari karakana, akasema kuna taa inawaka. Nikainama, sikuona taa. Nikamwuliza iko wapi, akanionyesha, sikuona. Nikamwuliza tena. Akaniambia mbele ya wateja, kwani wewe kipofu?" Akamgeukia muuguzi. "Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Fundi kipofu, nani atamletea gari? Kesho yake nikaitafuta kwa vidole, nikaitoa, asije akaniuliza tena mbele ya watu."

Muuguzi alifasiri polepole. Mimi nilikuwa nimesahau. Wallahi nilikuwa nimeyasahau maneno yale, niliyatupa kama maji ya kuoshea samaki, nikaenda kuoga. Yeye ameishi nayo miaka mitatu.

Dotori akasema maneno marefu. Muuguzi akaangalia sakafu, akafupisha: la kulia limekwisha, la kushoto lina tundu dogo la kuonea, watalipasua kesho asubuhi lisizibe. Kireno changu ni cha sokoni, lakini hesabu naijua, na ile mitatu niliisikia ikitajwa, na niliiona sura ya dotori alipoitaja. Nilitaka kumpiga Fundi. Nilitaka kumpakata. Nilikaa tu, mkono wangu ndani ya mkono wake, yote miwili inanuka oili.

Walimpasua Jumamosi. Wiki iliyofuata tulirudi na koluna, jicho la kushoto limefunikwa kitambaa cheupe, na la kulia liko wazi bure. Tulipoukaribia mchanga wa Nhica akauliza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuchosha wenziwe.

"Birika? Liko wapi hasa?"

Nikapunguza mwendo. Nikaushika mkono wake, nikaunyosha mpaka kwenye kioo cha dashibodi, nikaweka kidole chake mahali penyewe.

"Hapa," nikasema. "Limezima."

Hakukiondoa kidole. Tulivuka mchanga wote hivyo, nami kila nikibadilisha gia napitisha mkono wangu chini ya wake.