Chandu Hashiki Mti Bila Rili

Mtu akiniambia Wahindi wote wa Mchafukoge walikuwa matajiri, namtazama viatu vyake tu, naendelea kushona. Mimi Nassibu nilishona viatu kwenye baraza ya Chandu tangu majumba yalipotaifishwa mpaka sukari ikawa kitu cha kupanga foleni. Chandu alikuwa na vyumba viwili vya kupanga, mke mmoja aitwaye Jasvanti, binti aliyeolewa Uingereza, na mashati mawili ya kubadilishana. Huyo ndiye tajiri wenu.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza fito za kuvulia samaki. Sisemi zile za kukata mwanzi na kufunga mshipi nchani, hizo hata mimi naweza. Chandu alichukua fito zilizovunjika za Wazungu waliorudi kwao, akaunga, akasugua, akapaka vanishi, akafunga pete za kupitishia mshipi kwa uzi wa hariri. Wateja wake walikuwa makarani wa bandarini, madaktari wawili watatu wa Upanga, na Mgiriki mmoja aliyebaki kwa ubishi.

Sheria yake ilikuwa moja, na aliitoa hata kabla ya kuitikia salamu: "Lete rili kwanza. Bila rili mimi sishiki mti."

Rili ni lile gurudumu la kukunjia mshipi. Ile ya kuning'inia chini ya ufito haitoi mshipi ukiwa umenyooka, inautema kwa vitanzi vikubwa. Pete ya kwanza ikiwa ndogo, au ikikaa karibu mno, vitanzi vinabanana, mshipi unachapa mti, na risasi yako, ile ya kuzamishia ndoana, inaangukia miguuni pako mwenyewe, watu wanakucheka. Kwa hiyo Chandu alifunga rili, akavuta mshipi, akatazama, akasogeza pete upana wa ukucha, akafungua, akaanza tena. Kazi ya siku mbili aliifanya mwezi. Na muda wote huo rili ilikaa kwake, kwenye kishubaka cha miungu yake, chini ya picha ya Ganesh. Mwenye rili akiitaka kabla ufito haujakamilika, basi abebe na mti wake aende zake. Nilimwambia mara nyingi kwamba kwa ukaidi ule atakufa maskini. Alicheka, akaniambia maskini ameshakuwa, bado kufa tu.

Mwanzoni mwa mwaka themanini na tatu akaja Mzee Onesphory, Mchagga mwenye duka la jumla Kariakoo, ambaye sote tulimwita Mangi. Nilishangaa. Mchagga na samaki wapi na wapi? Alikuwa amebeba kitu ndani ya taulo ya kijani. Akakifungua mezani, na ilikuwa rili nzuri, nzito, ya nje.

"Mvuvi ni wewe, Mangi?" Chandu akauliza.

"Mwanangu. Filbert."

"Mwambie aje. Nataka kupima mkono wake."

Mangi akanyoosha mkono wake mwenyewe, kisha akaweka kiganja cha pili mbele kidogo ya ncha za vidole. "Alinizidi kwa hapa," akasema.

Chandu alipima palepale, mkono wa baba na upana wa kiganja, na Mangi akaeleza akiwa bado ameunyoosha mkono, kana kwamba amesahau kuushusha. Filbert alikuwa karani bandarini. Rili alipewa na baharia mgeni. Kila Jumapili alikwenda ufukweni Oshenirodi kuvua kwa ufito wa kuazima, na kila Jumapili alirudi akinung'unika kwamba ufito na rili haviivani, kwamba siku moja atamtafuta fundi. Ikaja vita ya Uganda. Akaenda, akafia huko, wenzake wakamzika huko huko.

"Kwetu Kibosho mtu analala kihambani, kwenye migomba ya baba yake," Mangi akasema. "Mama yake, Theopista, tangu siku ile hana raha. Tumesimamisha msalaba, lakini anasema chini yake hamna kitu. Sasa Krismasi nikipanda nyumbani nataka nichimbe, nimpe mtoto kitu alichokitaka. Hivyo fundi, hata ukifunga ovyo hakuna neno. Unakwenda ardhini."

Sijawahi kumwona Chandu akikasirika vile.

"Ovyo? Mimi nifunge ovyo? Mtoto wako aliijua rili yake. Unataka alale nayo huku inamuudhi?"

Mangi akashusha mkono, akamtazama Mhindi yule, akatikisa kichwa. Akatoka. Ila rili aliiacha.

Kazi ikaanza, na wakati wenyewe ndio ule wa kutafuta sabuni mji mzima. Pete hazikuwepo. Ile kubwa ya kwanza Chandu aliikunja kutoka kwenye kipande cha chuma kisichoshika kutu, akaisugua mpaka uzi wa pamba ukapita bila kunasa. Uzi wa hariri nao haukuwepo, na Jasvanti akachambua pindo la sari yake nyekundu, sari ya harusi, akamkabidhi mumewe. Rili ilikuwa nzito, hivyo akaongeza uzito kidogo kwenye ncha, kisha akaulaza ufito juu ya kidole kimoja kuona kama utatulia. Haukutulia. Akaanza upya. Nilikuwa nikimtania kwamba anamtafutia maiti mizani. Hakucheka.

Halafu wakaja wale wa kukamata wahujumu uchumi. Waliokuwepo watakumbuka. Redio ilitangaza, na mji ukaingiwa na wazimu. Watu walitupa vitenge mitaroni, walimwaga mafuta ya kupikia, friji niliiona kwa macho yangu imelala Jangwani haina mwenyewe. Wahujumu wa kweli walikuwepo, sikatai, na wengine walistahili kubanwa. Lakini hofu haichagui. Mtu mwenye vipande vitatu vya sabuni aliona ana ghala. Kaka yake Jasvanti, aliyekaa Upanga, alichukuliwa asubuhi kwa ajili ya betri za redio, na mpaka jioni hakuna aliyejua yuko wapi.

Siku ya pili Mangi akaja, ametota jasho. "Fundi, nipe ile rili nikaifiche. Haina risiti, ni ya nje. Wakiikuta kwako watakumaliza, na mimi nitaikosa."

"Bado pete moja," Chandu akasema. "Njoo Jumamosi."

"Wewe Chandu, huoni yanayotokea?"

"Naona. Bado pete moja. Nikifunga bila rili nitakosea."

Hapo ndipo alipoharibu. Nikilikumbuka neno lile hata leo nataka kumshika Chandu kwa kola nimtingishe. Mwenye mali anadai mali yake, mtu bado anasema pete! Mangi alishika kiuno, akatafakari, akaona aibu kumnyang'anya mtu aliyemfanyia kazi kwa moyo ule. Akaondoka.

Ijumaa Chandu akatoka kutafuta vanishi. Mgambo wakaingia mtaani kwetu wakipekua nyumba kwa nyumba. Jasvanti alisikia milango ya jirani ikigongwa, akaiona rili kishubakani, ikamjia sura ya kaka yake. Akaizungushia taulo ya kijani, akaitia kwenye ndoo, akapita uani. Kule kulikuwa na choo cha shimo, cha zamani, walichotumia wapagazi na walinzi. Nilimwona akienda na ndoo nzito, nikamwona akirudi na ndoo nyepesi.

Mgambo waliingia, wakafunua debe la mchele, wakapima kwa macho sukari iliyokuwa kikombeni. Mmoja akaukuta ufito ukutani, akautingisha, akacheka, "Mama, huyu mzee anavua samaki chumbani?" Wakatoka. Kishubakani hawakutazama hata kidogo. Waliogopa miungu ya watu, au hawakujali, mimi sijui.

Chandu aliporudi, Jasvanti alimwambia mlangoni, kabla hajaweka chini kopo la vanishi. Nilitega sikio kusubiri kelele. Hazikuja. Kilio cha mwanamke tu ndicho nilichokisikia, na baadaye Chandu akatoka barazani, akakaa karibu na buti za watu, akaniuliza, "Nassibu, shimo lile lina kina gani?"

"Usifikirie hilo," nikamwambia.

Na hapa lazima nieleze, maana vijana hawajui. Kwa watu wake, kugusa choo ilikuwa kazi ya topasi, na topasi hakukaribishwa hata maji ya kunywa. Mhindi wa ukoo wa mafundi kuinama juu ya shimo la wapagazi kulikuwa ni kujivua ukoo hadharani. Jumamosi asubuhi Chandu aling'oa mbao za choo kile, akachukua ule ufito wenye hariri nyekundu, akapitisha mshipi kwenye pete zake zote, akaufunga kwenye mpini pale rili ingekaa, na kule nchani akatia ndoana ya makucha matatu. Akaanza kuvua.

Watu wakajaa uani. Walimcheka, Mungu awasamehe. "Chandu, kuna kambale humo?" Wahindi wenzake walitazama toka madirishani, kisha wakafunga madirisha. Jasvanti alisimama kando, amejifunika uso wote. Yeye Chandu alikuwa anashusha, anahisi kwa kidole, anainua, anashusha tena, na harufu ilikuwa ya kukutoa machozi.

Mangi alikuja kuchukua ufito wake kama alivyoambiwa. Akapenya katikati ya watu, akamwona fundi, akauona ufito.

"Nini hiki?"

"Rili yako iko chini," Chandu akasema. Hakumtaja mkewe.

Nilidhani Mangi atampiga. Alisogea mpaka ukingoni, akavua kofia, akatazama lile shimo kwa muda mrefu.

"Kaburi la kule Uganda sikuonyeshwa," akasema. "La huku umenionyesha."

Waliokuwa wakicheka wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Mangi akageuza kreti la soda, akakaa, akangoja. Na Chandu akaendelea.

Jua lilikuwa limepanda sana ufito ulipopinda. Ulipinda taratibu kuanzia nchani mpaka katikati, vizuri, kila pete ikibeba uzito wake, na mimi nisiyejua kitu cha uvuvi nikaelewa ule mwezi mzima ulikuwa wa nini. Ndoana ilikuwa imeshika taulo. Ikaja juu, polepole, na ilipofika ukingoni taulo ikaanza kuchanika. Chandu akatupa ufito, akadaka kwa mkono. Rili akaidaka. Ndoana nayo ikamdaka yeye, ikazama kwenye kiganja mpaka mfupani.

Waliiosha pamoja, Mangi na Chandu, kwa maji ndoo baada ya ndoo na kipande cha sabuni alichokuwa amekificha Jasvanti. Chandu, mkono umefungwa kitambaa, akaifunga mahali pake, akavuta mshipi, akasogeza pete ya mwisho upana wa ukucha. Akaulaza ufito juu ya kidole. Ukatulia.

"Sasa chukua," akasema.

Wiki iliyofuata taya zake zilikaza. Pepopunda. Tulimpeleka hospitali mimi na Mangi, na dawa ya kumpa haikuwepo, kama ambavyo mwaka ule hakikuwepo kitu chochote. Alikufa vibaya, mgongo umepinda, na akili yake timamu mpaka mwisho, hilo ndilo linaloniuma. Kwenye kumchoma walikuja watu wachache. Wa ukoo wake wengi hawakuja, kwa sababu ya choo. Mangi alikuja, akabeba kuni kwa mikono yake. Majivu yalitiwa baharini na Jasvanti akaenda kwa binti yake. Vyumba vyao akapangishwa mtu wa vyerehani.

Mangi alirudi kutoka Kibosho mwezi wa kwanza, akaja kukaa barazani kwangu, viatu vyake havikuwa na tatizo lolote. Akanieleza kwamba walichimba kwenye migomba, wakauweka ufito na rili yake, na Theopista aliinama akaishika hariri nyekundu akauliza ni ya nini. Akamwambia yote, hata lile shimo. Theopista akalia, kisha akataka padri aombee majina mawili.

"Padri akaniuliza," Mangi akasema, "huyu Chandu ni Mkristo wa parokia gani?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia si Mkristo, na kaburi hana. Nikamwambia kama hawezi kumwombea, basi afunge kitabu chake, mwanangu nitamzika mwenyewe."

"Akamwombea?"

"Akamwombea."

Alikuwa amenyoosha mkono mbele, kama siku ile alipopimwa. Na safari hii, kiganja cha pili, kile cha kumpimia Filbert, hakukiweka.