Kiapo cha Toini

Magoti ya Toini yalikuwa yamechoka kazi. Asubuhi yalimgomea kitandani, jioni yakamgomea jikoni, na msimu huu mumewe, Abisai, alilima shamba la uwele peke yake huku Toini akimsimamia kutoka kitini.

"Mstari umepinda, tate!" humwita hivyo, maana kwetu kila baba ni tate na kila mama ni meme.

"Njoo uunyooshe basi!"

Ndipo ikasikika kwamba ofisi ya maveterani inawapeleka wapigania uhuru Windhoek kubadilishwa magoti, bure, na kufundishwa kutembea upya. Sharti lilikuwa moja tu. Mhusika asimame mbele ya wenzake wa zamani, aeleze vitani alifanya kazi gani, nao wakiri kwamba kweli alikuwepo. Asiyekubaliwa atarudi na magoti yake yale yale. Hakuna aliyeona ugumu hapo. Wapiganaji wetu wana maneno bwana. Mpe mmoja kikombe cha oshikundu, togwa yetu ya uwele, akupiganie vita upya, na maadui wanaongezeka kila mwaka.

Toini hakuwa wa namna hiyo. Kwamba aliishi Angola wakati wa vita, watu walijua. Alichokifanya huko, hata Abisai hakukijua. Walipooana alimwuliza, Toini akasema alikuwa anapika. Abisai, aliyekwisha kuonja upishi wake, hakuamini, lakini hakuuliza tena.

Siku ya Toini ilipofika, katika ukumbi wa mji wa Eenhana walikaa wazee watatu mezani. Mwenyekiti wao, Tate Hamukoto, aliwahi kuwa luteni.

"Haya, komredi. Ulikuwa ukifanya kazi gani?"

"Siwezi kusema."

"Umesahau?"

"Nisahau wapi! Nilikula kiapo. Niliambiwa ulichokiona hukukiona, mpaka tukufungue. Sijafunguliwa."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Abisai aliona aibu mpaka masikioni, akamsihi mkewe.

"Meme, vita viliisha! Bendera ilipandishwa, ukacheza mpaka ukapoteza kiatu!"

"Nilicheza, sikatai. Lakini hakuna aliyenifungua."

Tate Hamukoto, mtu mwema, alisimama, akateremsha shati lifunike kitambi. "Basi mimi nakufungua."

"Cheo chako?"

"Luteni."

"Hakitoshi. Aliyeniapisha ni Kamanda Shivolo mwenyewe."

Meme Saima, mmoja wa wale watatu, alicheka hadi akajifuta machozi. Shivolo sasa ni jenerali mstaafu, anafuga ng'ombe karibu na Tsumeb, na namba yake kila mtu anayo, maana kila mtu ana shida ya kumwomba. Akapigiwa, simu ikawekwa mezani, sauti juu.

"Toini? Yule dereva wangu?" mzee aliuliza. "Hujasema mpaka leo? Wenzako wote walishasema, mwanangu, na mengine wakatunga!" Kicheko chake kikakatika. "Kosa ni langu. Ningekutafuta. Sema, komredi. Sema yote."

Dereva! Abisai alikodoa macho. Mwanamke huyu kila wakipanda gari kwenda Ondangwa hushika kiti kwa mikono miwili na kumwambia apunguze mwendo.

Toini akasema. Aliendesha lori bila taa, silaha zikishuka kusini, majeruhi wakipanda kaskazini. Alizitaja njia na vivuko kwa sauti ya mtu anayehadithia safari ya sokoni, na Tate Hamukoto akawa anaitikia kwa kichwa, kwa kuwa naye aliwahi kulazwa ndani ya lori lile.

"Inatosha," alisema Meme Saima. "Umekubaliwa."

Watu wakapiga makofi. Abisai alikuwa ameshanyanyuka.

"Bado," alisema Toini, akamgeukia mumewe. "Jenerali amesema niseme yote. Majeruhi mmoja alinifia njiani. Alikuwa na kovu juu ya jicho, na aliimba nyimbo za kanisani vibaya sana. Nilimzika mimi na utingo wangu. Aliitwa Efraim. Sikujua ni wa nani mpaka nilipoolewa, nikaiona picha yake ukutani kwa mama yako."

Efraim alikuwa kaka yake Abisai. Alivuka mpaka akiwa kijana, hakurudi, na mama yao alikufa angali anamwulizia kwa kila mgeni aliyetoka upande ule.

"Mama alikuuliza," Abisai alisema. "Alikuuliza wewe, Toini."

"Aliniuliza. Nikanyamaza. Kila Jumapili namwomba msamaha kaburini kwake, wewe ukidhani napalilia maua."

Hasira zilimpanda Abisai, na zilikuwa hasira za haki. Alitaka kumfokea mbele ya watu wote. Kisha akamwona jinsi alivyokaa, bibi mzima analia kimya na mikono juu ya magoti, akaelewa kwamba siri ile alikuwa ameibeba peke yake, ndani ya nyumba yao wenyewe. Alikaa tena, karibu naye.

"Mahali penyewe unapakumbuka?"

"Vizuri kabisa."

"Gari linafika?"

"Njia ile ilishakuwa msitu. Sasa ni kwa miguu, na ni mbali."

Abisai alipenga kamasi, akamgeukia mwenyekiti.

"Tate Hamukoto," alisema, "hayo magoti mapya yanapatikana lini?"